Meno ya Mpiga Tarumbeta

Katika yadi ile hakuna anayekumbuka kwa uhakika ni lini Shangazi alianza kazi. Mwana wa kaka yake, ambaye ndiye mwenye yadi, husema alikuja mwaka uleule ua ulipomwagwa zege; fundi wa injini, ambaye watu wamemzoea kwa jina la Spana, hushikilia kwamba zege lilimkuta Shangazi tayari yupo, tena ndiye aliyewapigia kelele waliolimwaga vibaya. Mwenyewe akiulizwa, hujibu kwamba alikuja siku nguo zilipoisha. Maana ya jibu hilo ni kwamba kabla ya yadi alikuwa dobi wa hospitali, na hospitali ilipofunga chumba chake cha kufulia na kuwapa kazi hiyo watu wa nje, alirudi nyumbani akiwa na mikono iliyozoea kazi na isiyo na kazi. Mwana wa kaka yake akamfuata huko huko.

"Shangazi, njoo kwangu. Kazi ya kuosha ipo, ila si nguo."

"Kama si nguo ni nini, baba?" Alimwita baba kwa sababu amerithi jina la babu yake, aliyemzaa Shangazi.

"Njoo uone kwanza. Nikikwambia hapa hutakuja."

Alikwenda, akaona, akabaki.

Yadi hukodisha na kutengeneza magari-nyumba, yaani yale magari marefu ambayo nyuma ya kiti cha dereva yana vitanda, jiko, sinki na choo, watu wakasafiri nayo na kulala humo humo. Choo cha gari la namna hiyo hakina bomba linaloelekea popote. Chini ya bakuli kuna kifuniko cha kuteleza; ukivuta mkono wake kinafunguka, maji yanashuka, na kila kilichomo kinatumbukia katika tangi lililofungwa chini ya sakafu. Humo hukaa mpaka gari lifike penye chemba ya maji taka, koki ifunguliwe, uchafu wote umwagike kupitia mpira mnene. Kumwaga ni kazi ambayo mtu yeyote mwenye pua ngumu anaweza kuifanya. Kazi ya Shangazi huanza pale ambapo ndani ya tangi kuna kitu ambacho mwenyewe anakitaka.

Na watu huangusha vitu humo kwa namna wasizoweza kuzieleza. Zimetoka funguo za aina zote, miwani, simu, vijiko, kandambili moja isiyo na mwenzake, na safari moja redio ndogo ambayo, kwa ushuhuda wa Spana, iliendelea kusoma taarifa ya habari kule chini mpaka betri ilipokata roho. Mteja huja na maneno aliyoyapanga njiani: si yeye, ni mgeni wao, hakuangusha, kiliteleza chenyewe. Shangazi hana haja na historia hiyo. Humuuliza kama amekwisha vuta maji, kama ameendesha gari baada ya hapo, na kama kitu chenyewe huelea au huzama. Majibu hayo yakishapatikana, mteja huambiwa akakae kivulini, kwa kuwa mwenye mali akisimama juu ya fundi hushusha pumzi ndefu mno na kumtia fundi haraka.

Nyuma ya stoo ana jiko dogo la gesi na sufuria kubwa ya alumini iliyopakwa rangi nyekundu ubavuni, ili asitokee mtu mwenye njaa akaipikia. Kitu chochote kitokacho tangini, kikishasuguliwa kwa sabuni, huingia katika sufuria hiyo na kuchemka mpaka aridhike. Watu wa yadi wameigeuza kuwa utani wa kila siku.

"Shangazi, leo kuna nini jikoni?"

"Funguo za mlango wa mbele. Karibu mezani."

"Zimeiva?"

"Bado ngumu. Lete meno yako uonje."

Tabia ya kuchemsha aliitoa hospitali. Huko sheria ya chumba cha kufulia ilikuwa moja tu, nayo hakuisoma kwenye ukuta. Aliipata kwa macho. Alipokuwa bado msichana mgeni kazini, pipa la kuchemshia liliharibika, na msimamizi akaamua shuka za wodi ya watoto zifuliwe kwa maji ya uvuguvugu, mradi zing'ae. Ziling'aa kweli. Baada ya hapo watoto walioingia kwa kuvunjika mikono wakaanza kutoka na vipele vya usaha, na mmoja wao hakutoka. Hakuna aliyemlaumu yule msichana, kwani hakuwa na kauli. Lakini tangu siku hiyo maji yasiyochemka aliyahesabu kuwa si maji ya kusafishia, na maisha yake yote yaliyofuata hayakumpa sababu ya kubadili nia.

Asubuhi ambayo habari hii inaihusu, gari-nyumba moja liliingia langoni likienda kwa kunyata, kama lililopakia mayai. Aliyeliendesha alikuwa mwanamke wa makamo, nguo zake nyeusi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alishuka na kumwendea Shangazi moja kwa moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kimeanguka nini?"

"Umejuaje?"

"Mwenye gari zima huingia hapa akipiga honi. Wewe umeingia kama mwizi wa kuku. Sema, mwanangu."

Mwanamke alitazama nyuma, akashusha sauti. "Meno."

"Yako?"

"Ya baba."

Spana, aliyekuwa amelala chini ya gari la pili akifungua boliti, alicheka mpaka spana ikamdondoka. "Leo tangi litatuuma!"

"Nyamaza wewe," alisema Shangazi. "Mwenzio ana msiba mwilini, huoni nguo?"

Ndipo binti alipoeleza. Walikuwa wamesafiri tangu jana kutoka mji wa mbali, kwa gari lile kwa sababu mgongo wa baba yake haukubali kukaa kitako mwendo mrefu. Kwenye kona za mlimani mzee alishikwa na kichefuchefu. Alikimbilia chooni, akainama, na alipotapika, bamba la meno yake ya juu, yale ya mbele yote kwa pamoja, likatoka pamoja na chai. Kwa mazoea ya mtu aliyelelewa vizuri, akavuta mkono wa choo kabla hajajitazama kinywa.

"Na mkaendelea na safari," alisema Shangazi.

"Tungefanyaje? Mazishi ni leo alasiri."

"Nani amefariki?"

"Rafiki yake. Baba atapiga tarumbeta kaburini."

Shangazi hakuuliza zaidi, lakini binti alikuwa amekwisha fungua mdomo na maneno yakawa yanajitokea yenyewe. Baba yake na marehemu walikuwa wapiga tarumbeta wawili wa bendi ya kiwanda cha saruji, tangu ujana wao hadi kiwanda kilipofungwa. Marehemu alipiga sauti ya kwanza, ile ya juu inayobeba wimbo; baba yake alipiga sauti ya pili, ile ya chini inayoushikilia. Hawakuwahi kubadilishana hata siku moja. Ila walipostaafu walikubaliana kwamba atakayebaki atampigia mwenzake sauti ya kwanza kaburini, wimbo waliokuwa wakifungia kila sherehe ya kiwanda. Tangu habari ya kifo ifike mzee alikuwa akijifunza sauti hiyo ya juu kwa mara ya kwanza maishani, chumbani, huku ameziba mlango kwa blanketi ili majirani wasilalamike.

"Tarumbeta haipigwi bila meno ya mbele," alimalizia binti. "Mdomo unakosa pa kuegemea. Hawezi kutoa hata mlio."

"Yuko wapi mwenyewe?"

Mzee alikuwa ndani ya gari, amejilaza chali kitandani, kitambaa cheupe kimefunika mdomo wake. Shangazi alimsalimia kwa kupiga magoti kidogo mlangoni. Mzee aliinua mkono tu. Binti alieleza kwa kunong'ona kwamba baba yake haongei na watu akiwa hana meno. Ni aibu aliyokuwa nayo tangu alipoyapoteza yale ya asili, na hata wajukuu hawajapata kumsikia katika hali hiyo. Basi walimsaidia kushuka, wakampeleka ofisini kwa mwenye yadi, penye benchi refu na feni. Huko alijilaza tena, mkoba wa tarumbeta kifuani pake, macho darini. Alichokuwa nacho cha kusema kilibaki naye.

Kazi ilianza. Bamba la meno huzama, na gari lililotikiswa kona za mlima husogeza kilichozama hadi kwenye koo la tangi, penye koki. Shangazi alilifahamu hilo, ndiyo maana aliagiza gari liinuliwe kwa jeki upande wa koki, ili uzito urudi nyuma. Aliweka kikapu cha waya kwenye mdomo wa chemba, akaunganisha mpira, akavaa glovu ndefu za kufikia kwapani, akafungua koki kiasi cha upana wa kidole. Maji taka yakaanza kutoka, na harufu ikatembelea yadi nzima bila kubagua. Binti alirudi nyuma hadi ukutani. Mwenye yadi alifunga dirisha la ofisi.

Kwa muda mrefu kikapu hakikunasa ila yale yanayotarajiwa. Kisha mtiririko ukapungua ghafla, ijapokuwa tangi lilikuwa bado zito.

"Kumeziba," alisema Spana. "Nifunge, tuanze upya?"

"Usiguse koki!"

Spana alirudisha mkono kama aliyeungua. Koki ya namna ile ni ulimi wa plastiki ngumu unaoteleza. Kitu kikiwa kimelala kooni, ukiifunga unakikata.

Shangazi alichomoa mpira. Alipiga goti juu ya zege, akageuza uso pembeni, akaingiza mkono kupitia koki hadi kwenye kiwiko. Alifumba macho, kwa sababu huko vidole ndivyo vilivyoona. Mtu aliyemtazama angedhani anamzalisha ng'ombe. Alipapasa kitambaa, akakiacha. Akapapasa kitu laini kisichohitaji jina. Kisha akagusa safu ya vinundu vidogo, vimepangana, vigumu.

"Yananiuma," alisema bila kufumbua macho, na Spana, ambaye safari hii hakuwa amepanga kucheka, akacheka.

Yalitoka mazima. Bamba la pinki halikuwa na ufa, meno yote mahali pake, vikulabu viwili vya waya vya kushikia meno ya pembeni havikuwa vimepinda. Binti alipiga makofi mara moja, akajizuia, kisha akayatazama yale meno yaliyokuwa mikononi mwa Shangazi na hali yaliyokuwa nayo, furaha ikamwishia nusu.

"Mama, utayaosha vipi? Maana yanakwenda mdomoni."

"Nitayasugua, halafu nitayachemsha. Hapa kila kitu huchemka."

"Ahsante. Yachemshe kabisa. Mpaka na mimi niridhike."

Hivyo hakuna aliyekuwepo pale aliyeona kosa. Shangazi aliyasugua meno kwa brashi ndogo na sabuni, pembe kwa pembe, akayasuuza, akayarudia. Akayaweka katika sufuria yenye rangi nyekundu. Maji yalipopanda na kuanza kuchezesha lile bamba juu chini, alisimama kando yake mikono kiunoni, akiwa na utulivu wa mtu aliyemaliza sehemu ngumu.

Alipoyatoa kwa koleo na kuyaweka juu ya kitambaa safi, aliona kwamba bamba halilali sawa. Aliligeuza. Upande mmoja ulikuwa umejikunja kuelekea ndani, kama jani lililopitishwa juu ya moto. Alijaribu kuliminya likiwa bado na joto; likakubali kidogo, na lilipopoa likarudi lilikotaka.

Mwana wa kaka yake alikuja kuuliza kama tayari, akamkuta bado analitazama. Alielewa bila kuelezwa. Akatazama mlango wa ofisi, akamsogelea.

"Shangazi, sikiliza. Waambie yametoka hivi hivi. Dawa ya tangi, ile ya kuua harufu, ni kali, kila mtu anajua. Imeyala."

"Si dawa. Ni mimi."

"Najua ni wewe, lakini wao hawajui. Unataka kwenda kumwambia mtu wa msiba kwamba umempikia meno?"

"Baba, nikimwambia ni dawa ya tangi, ataogopa kuyatia mdomoni. Nani atatia sumu mdomoni? Nikimwambia ni moto, angalau atayajaribu."

Mwana wa kaka yake alikuna kichwa. Hakuwa na hoja ya kupinga hilo, na kwa kuwa hakuwa nayo, alikasirika. "Basi nenda mwenyewe. Mimi simo."

Alikwenda mwenyewe. Mzee alikuwa amekwisha kaa kitako akisubiri, kitambaa mdomoni, mkono mwingine umenyooshwa. Shangazi hakumpa.

"Mzee wangu, meno yalitoka mazima. Nimeyachemsha, yakajikunja. Si tangi, si safari. Ni sufuria yangu."

Kwa mara ya kwanza tangu afike, mzee alizungumza. Maneno yalimtoka mepesi, hewa ikivuja katikati yake. "Umechemsha?"

"Ndiyo."

"Mtengeneza meno alisema maji ya baridi tu. Alilirudia mara nyingi. Maji ya moto mwiko."

"Baba, mbona hukusema?" binti alilia.

Mzee alimtazama binti yake, kisha akatazama sakafu. Hilo halikuwa swali la kujibiwa mbele ya watu. Alichukua bamba, akageuka ukutani, akaliweka kinywani. Likacheza. Alilisukuma kwa kidole gumba upande huu, likainuka upande wa pili, mithili ya meza yenye mguu mfupi. Alifungua mkoba, akatoa tarumbeta, akaisogeza mdomoni, akapuliza. Ilitoka hewa tupu, na bamba likashuka ulimini.

Spana, aliyekuwa amechungulia mlangoni ili aone mwisho wa kichekesho, alirudi zake chini ya gari.

"Mjini yupo anayetengeneza meno," alisema Shangazi. "Twende."

Mwana wa kaka yake, ambaye alikuwa amesema hayumo, alitoa funguo za pikapu mfukoni akampa binti. "Hilo lenu limeinuliwa kwa jeki. Chukueni hili. Spana awaelekeze njia."

"Njia naijua," alisema Shangazi, akapanda.

Chumba cha mtengeneza meno kilikuwa juu ya duka la rangi. Kwenye rafu kulikuwa na taya za plasta zimepangwa, kila moja na kikaratasi chake, zikiwakenulia wanaoingia. Mtengeneza meno alikuwa kijana mnene mwenye miwani kichwani. Aliligeuza bamba mara mbili chini ya taa.

"Nani kayapika haya?"

"Mimi," alisema Shangazi.

"Yameiva." Kisha akaona nguo nyeusi za binti, akashusha miwani machoni na kuacha mzaha. "Bamba hili halinyooki tena, mama. Nikilirudisha kwenye moto nitalimaliza. La kutengeneza ni jipya, na jipya linataka siku kadhaa. Linatakiwa lini?"

"Leo alasiri," alisema binti.

"Kula?"

"Kupiga tarumbeta."

Mtengeneza meno alitoa mluzi mfupi, akaonekana kujuta kwamba ameutoa. Alifikiri. Alichoweza, alisema, ni kujaza ile nafasi kati ya bamba na ufizi kwa utomvu laini unaoganda mdomoni. Ungeshika kwa kuongea, na kwa kula vitu laini. Kwa kupuliza hakuweza kuahidi, maana hakuwahi kuulizwa.

Alimketisha mzee, akachanganya utomvu, akaujaza, akamwambia aume na asipumue kwa mdomo. Shangazi alisimama kando ya kiti muda wote huo. Hakuwa na cha kufanya, na kutokuwa na cha kufanya kulimchosha kuliko tangi. Mzee alimtazama toka chini, kichwa kimelazwa nyuma, kinywa kimejaa, na kwa kuwa wote wawili hawakuwa na namna ya kukwepana, waliendelea kutazamana.

Utomvu uliposhika, mzee alisimama dirishani na tarumbeta yake. Sauti za chini zilitoka, nene na safi, hata mtu aliyekuwa akipanga makopo dukani akatoka nje na kuangalia juu. Mzee akapanda. Kadiri alivyopanda ndivyo alivyolazimika kukaza mdomo wa tarumbeta dhidi ya meno, na kadiri alivyokaza ndivyo bamba lilivyoanza kuteleza. Mahali wimbo unapoinuka, sauti ilikatika, ikawa mluzi wa mpira wa baiskeli uliotoboka. Akajaribu tena. Ikakatika palepale. Akajaribu kwa kulishikilia bamba kwa ulimi, na safari hiyo hakupata hata zile za chini.

"Acha, baba," alisema binti. "Utayatoa kabisa."

Aliacha. Akaifuta tarumbeta taratibu, akiwa amewapa mgongo.

"Mpigie simu mjane," alisema mwisho. Sasa maneno yake yalikuwa na meno, na yalisikika vizuri. "Mwambie nitapiga. Usimwambie nini."

Walipotoka, binti alimuuliza Shangazi wamshushe wapi. Shangazi alikuwa na glovu zake bado zimeviringishwa mfukoni, na nguo zake zilikuwa na harufu ya kazi. Alisema atasimama mbali na watu, upande upepo unakoelekea, ikiwa hawana neno. Mzee ndiye aliyejibu.

"Njoo. Hao wote watasema nimezeeka. Awepo mmoja anayejua ni nini."

Hakulisema kwa ukali, wala hakulisema kwa msamaha. Shangazi alilipokea lilivyo.

Makaburini kulikuwa na watu wengi kuliko alivyotarajia. Watu wa kiwanda, wake zao, vijana waliozaliwa katika nyumba za kiwanda na ambao hawakumbuki moshi wake. Mjane alikaa kwenye kiti mbele, dada yake akimshika bega. Jeneza liliposhushwa, kiongozi wa ibada alimwashiria mzee. Alisogea, mgongo umejikaza kwa maumivu, akainua tarumbeta, akavuta pumzi.

Alipiga sauti ya pili.

Aliipiga tangu mwanzo, kama alivyoipiga maisha yake yote, bila kugusa wimbo wenyewe. Ilikuwa mistari mifupi ya chini, kila mmoja ukisubiri kitu ambacho hakikuja. Katika wimbo ule kuna sehemu ambazo sauti ya pili hunyamaza ili ya kwanza ipae peke yake. Mzee alipozifikia, alishusha tarumbeta hadi kifuani, akasimama, midomo ikihesabu. Makaburi yote yakawa kimya. Wale wa kiwanda waliinamisha vichwa; wengine walitazamana, na kijana mmoja karibu na Shangazi akanong'ona kwamba babu amesahau. Shangazi hakumgeukia.

Kiongozi wa ibada alifikiri imekwisha. Alifungua kitabu chake, akakohoa, akasema, "Ndugu zangu wapendwa."

Mjane aliinua mkono. "Bado," alisema. "Hajamaliza."

Kiongozi wa ibada alifunga kitabu juu ya kidole chake. Mzee alimaliza kuhesabu, akainua tarumbeta, akaingia mahali pake. Akanyamaza tena palipotakiwa kunyamazwa, na mjane akabaki ameinua mkono ule, akiwazuia watu, mpaka sauti ya mwisho ya chini ilipotoka na kuisha. Ndipo aliposhusha mkono, na udongo ukaanza kumwagwa.

Baadaye watu walipanga mstari wa kumpa mjane mkono. Mzee alipofika, Shangazi alikuwa nyuma yake hatua kadhaa, amembebea mkoba.

"Nilimwahidi ile ya juu," alisema mzee.

"Najua. Alinieleza."

"Nilijifunza. Niliijua yote."

"Hiyo hata mimi naijua, nimeisikia kila Jumamosi ya sherehe." Mjane alishika mkono wake kwa mikono miwili. "Hii yako sikuwahi kuisikia. Yule bwana alikuwa akikufunika."

Mzee alitaka kujibu, lakini utomvu ulikuwa umechoka, na bamba lilikuwa limeanza kushuka. Alifunga mdomo. Aliitikia kwa kichwa, akapisha aliyekuwa nyuma yake, na aliyekuwa nyuma yake alikuwa Shangazi.

"Na wewe ni nani kwake?" mjane aliuliza.

"Mimi ndiye niliyeharibu meno yake asubuhi, mama. Pole kwa msiba."

Mjane alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu vya mpira, kisha akamtazama mzee aliyekuwa akiondoka polepole, ameegemea mkono wa binti yake.

"Nishapoa," alisema, akampa mkono.